Doki ya USB-C kwenye Ubuntu: pengwini kwenye boksi, giza kwenye skrini

Mwenye haraka achukue jibu aondoke nalo: kama unatumia Linux, ule mfumo wa kompyuta ulio mbadala wa Windows na ambao Ubuntu ni toleo lake mojawapo, doki ya USB-C yenye chipu yake ya picha ndani usinunue. Doki ni kisanduku kinachoiunganisha laptopu na monita, chaji na mtandao kwa waya mmoja. Mwenye muda abaki, maana jibu lenyewe nitalikoroga huko mbele na sina hakika nitamaliza nikiwa upande huuhuu.

Kilichonitoa povu si skrini kuwa nyeusi. Skrini nyeusi nimezizoea. Niko na Ubuntu tangu enzi za modemu za kuchomeka, zile ambazo bila programu ya usb_modeswitch kompyuta iliziona kama CD. Kilichonitoa povu ni kijana mmoja wa Kariakoo, nyuma ya kaunta ya kioo, aliyeniambia mbele ya wateja kwamba mali yake haina shida, mwenye shida ni mimi ninayetembea na kompyuta ya wadukuzi.

Nilienda dukani nimejipanga. Laptopu yangu ni ThinkPad T480 ya mtumba, ina matundu mawili ya USB-C, moja likiwa la Thunderbolt 3, na yote mawili yanatoa picha. Kazi yangu ni ramani. Nafungua QGIS, programu ya kuchora ramani, ramani inakaa skrini moja, jedwali lenye maelezo ya barabara na mitaro linakaa skrini ya pili, na skrini ya laptopu inabaki kwa barua pepe za watu wanaouliza ramani imefikia wapi. Nilitaka waya mmoja: nikifika mezani nachomeka, nikiondoka nachomoa.

Nilimuuliza swali moja tu. Hii doki inapitisha picha moja kwa moja kutoka kwenye laptopu, yaani kwa DisplayPort Alt Mode, au ina chipu yake ya picha ndani? Akaligeuza boksi, akasoma upande huu, akasoma upande ule, akasema, "Bosi, hii inaingia popote. Simu, laptopu, hadi TV." Nikamwomba tulifungue tujaribu, laptopu ninayo begani na monita zao ziko palepale ukutani zinawaka. "Ukifungua umenunua, bosi." Kwenye kona ya boksi, nusu amefunikwa na stika ya bei, alichorwa pengwini wa Linux, tumbo jeupe, miguu ya njano. Huyo pengwini ndiye aliyenitoa laki tatu na ushee. Yule kijana hakunishawishi chochote.

Nyumbani nikachomeka. Chaji ikaingia. Mtandao wa waya ukashika hata kabla sijafungua kivinjari, kwa sababu ndani mna chipu ya Realtek RTL8153, ambayo draiva yake ya r8152, yaani programu inayoiendesha, imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, miaka nenda miaka rudi. Kibodi ikaandika, mausi ikatembea, sauti ikasikika. Monita mbili zikaandika kwamba hakuna ishara, zikalala. Ubuntu nayo, ukifungua mipangilio ya skrini, inaonyesha moja tu, ya laptopu.

Kama hujawahi kukutana na jambo hili utadhani ni kebo. Si kebo. Ukiandika amri ya lsusb kwenye terminali utaona kila kitu kilichomo ndani ya doki kimejipanga kwa jina, na katikati yao imo chipu ya picha inayopokea data kupitia USB. Basi hapo hapo nikajua nimeuziwa nini. Doki za USB-C ziko za namna mbili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza inachukua picha kutoka kwenye kadi ya picha ya laptopu na kuipitisha kama ilivyo hadi kwenye monita. Ukitaka monita mbili kwa waya mmoja, kuna utaratibu wa DisplayPort unaoitwa MST, na Linux inauelewa vizuri. Ya pili haipokei picha. Prosesa ya laptopu inaibana picha kwa programu maalumu, inaituma kama data ya kawaida, kisha chipu ndani ya doki inaikunjua. Ni kama kusimuliwa mechi kwa simu na mtu aliye uwanjani: utajua matokeo, lakini msimuliaji akinyamaza wewe huna mechi. Na kwenye Linux msimuliaji huyo haji na mfumo. Unamtafuta mwenyewe.

T480 ingeziwasha monita zile mbili bila msaada wa mtu. Uwezo upo kwenye tundu. Doki ndiyo haiutumii.

Nikarudi dukani siku moja baadaye, au mbili, na boksi, na risiti, na laptopu. Nikasalimia vizuri. Nikamwambia, mdogo wangu, naomba tubadilishane, nipe ile ya kupitisha picha moja kwa moja, tofauti ya bei nitaongeza. Akachomeka doki kwenye laptopu ya dukani yenye Windows, ikakaa kidogo, ikajipakulia draiva yenyewe, monita zikawaka. Akageuka kwa wateja waliokuwa wakichagua flashi, si kwangu, kwa wateja, akasema, "Mnaona? Mali iko fiti." Halafu ndiyo akanigeukia: "Tatizo hiyo Linux yako, bosi. Hizo za wadukuzi. Weka Windows kama watu wengine." Jamaa mmoja akacheka. Nikamwonyesha pengwini kwenye boksi. Akamtazama, nakuapia, akaniuliza huyu ndege ni nani.

Sikujibu, kwa sababu ningejibu vibaya. Akaendelea mwenyewe: "Nikuwekee Windows sasa hivi, elfu ishirini, na Office juu." Windows ya elfu ishirini na Office juu! Iliyovunjwa kufuli na nani, yenye nini ndani, Mungu ndiye ajuaye. Mtu anauza Windows ya wizi hadharani, saa sita mchana, kisha mwenye Ubuntu aliyoipakua kihalali bila kudaiwa senti ndiye mdukuzi. Mama aliyekaa kwenye kiti cha pesa aliniangalia kwa huruma, akaniambia taratibu, "Baba, soma chini ya risiti." Chini ya risiti palikuwa na muhuri wa zambarau: mali ikishauzwa hairudishwi. Yule mama alinisemesha kwa adabu na bado pesa yangu ilibaki kwake. Sijui kwa nini hilo liliniuma zaidi.

Nimesema mengi kuhusu kijana, nirudi kwenye kifaa. Kampuni ya hiyo chipu sitaitaja, ugomvi wangu si nayo, na kwa haki ya Mungu, wao angalau wanatoa draiva ya Ubuntu na kuendelea kuitunza. Unaiweka, nayo inajenga moduli iitwayo evdi, kipande cha kuongezwa kwenye kerneli, ambayo msimbo wake uko wazi, na juu yake inakaa programu yao ambayo msimbo wake hauko wazi. Ikiwa Secure Boot, ule ulinzi unaokagua saini za programu kompyuta inapowaka, imewashwa, na kwenye ThinkPad nyingi imewashwa, Ubuntu itakuomba utunge nywila. Usibonyeze tu ili upite. Itunge, ikumbuke, kwa sababu ukiwasha upya kompyuta inatokea skrini ya bluu yenye maandishi ya kizamani inayokupa sekunde chache kuchagua Enroll MOK, yaani kusajili ufunguo wa saini, kisha inakudai nywila hiyo. Ukiiacha ikapita, saini ya moduli haitambuliki, kerneli inaikataa, unarudi gizani na hakuna ujumbe wowote kwenye skrini unaokwambia kwa nini. Utaukuta kwenye dmesg, kumbukumbu za kerneli, kama unajua kutafuta. Hilo hakuna boksi linaloliandika.

Nilichagua, nikaweka nywila, kompyuta ikawaka. Na monita zikawaka. Zote mbili.

Hapa lazima niseme ukweli hata kama unaharibu hasira yangu: ilikuwa raha. Ramani kushoto, jedwali kulia, waya mmoja, meza safi. Nilichomoa na kuchomeka kama mtoto, na kila mara zilirudi, na kila dirisha likarudi lilipokuwa. Nilianza hata kutunga sifa kichwani. Ndiyo, ukisogeza ramani kubwa kwa kasi unaona inakwama kidogo, na ukicheza video feni inaanza kulia kwa sababu prosesa ndiyo inayobana picha. Lakini kwa maandishi na ramani za mitaa? Inatosha kabisa. Wiki hiyo mtu angeniuliza, ningemwambia nunua.

Kisha Ubuntu ikajisasisha usiku.

Asubuhi nilikuwa na kikao cha mtandaoni na watu wa ofisi tatu tofauti. Nikachomeka waya dakika chache kabla, chaji ikaingia, intaneti ikashika, monita nyeusi. Nikachomoa, nikachomeka. Nyeusi. Kerneli ilikuwa mpya. Kwa kawaida chombo kiitwacho DKMS hujenga moduli kama evdi upya kila kerneli mpya inapoingia, lakini safari hii ujenzi ulishindikana, kwa sababu ndani ya kerneli kuna vitu vilibadilishwa na toleo la evdi nililokuwa nalo halikuvijua. Nikawasilisha ramani ya mitaro kwenye skrini ya inchi kumi na nne, nikifungua na kufunga madirisha huku watu wakiniuliza tuko ukurasa gani. Mmoja aliuliza kama mtandao wangu ni mbaya. Mtandao ulikuwa kitu pekee kizuri.

Dawa ya muda ipo, na ni hii: zima, washa, bonyeza Esc au Shift hadi menyu ya GRUB itokee, ingia kwenye machaguo ya ziada, chagua kerneli ya zamani. Ubuntu huwa haiifuti ile iliyotangulia. Ukiingia nayo, skrini zinawaka kama hakuna kilichotokea. Baadaye toleo jipya la evdi linatoka, unaliweka, unahamia kerneli mpya, unasubiri badiliko linalofuata. Wenye Ubuntu 24.04 wanalijua vizuri: ilitoka na kerneli 6.8, kisha walio kwenye mkondo wa HWE, ule unaoleta kerneli mpya zaidi, wakasogezwa hadi 6.11 na baadaye 6.14, na kila hatua ya namna hiyo ni mtihani kwa moduli zinazoishi nje ya kerneli.

Kuna watakaosema basi kosa ni la Linux. Hapana. Wanaoitengeneza kerneli hawajawahi kuahidi kwamba viungo vyake vya ndani vitabaki vilevile. Wanachoahidi ni kutovunja programu za watumiaji. Draiva iliyomo ndani ya kerneli hurekebishwa pamoja nayo, ndiyo maana ile r8152 haijawahi kuniangusha. Iliyokaa nje inakimbizana. Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, mwaka 2012, pale Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, alifika mahali pa kuinua kidole cha kati mbele ya kamera kwa ajili ya kampuni ya kadi za picha. Zamani nilidhani alizidisha. Asubuhi ya kikao kile nilimwelewa.

Na kilichonirudishia hasira yote ni mwenzangu wa kazini. Ana doki ya Thunderbolt ya mtumba, imechubuka, imetoka ofisi fulani ya Ulaya, aliipata kwa bei ya chini ya yangu. Nikachomeka T480 kwake kwa kujaribu. Ubuntu ikanionyesha kifaa kipya cha Thunderbolt, programu ya boltctl ikakisajili, monita mbili zikawaka. Hakuna draiva niliyopakua, hakuna skrini ya bluu, hakuna nywila. Feni kimya. Nikakaa pale nikiitazama, nikamkumbuka yule kijana na swali langu moja alilolijibu kwa kunitajia TV.

Kwa hiyo msinunue. Au tuseme hivi: kama laptopu yako inatoa picha kwenye USB-C, tafuta doki ya kupitisha picha moja kwa moja, hata ya mtumba, na usitoe pesa kabla hujaona monita zikiwaka kwa laptopu yako mwenyewe, duka lisilokubali, toka. Kama laptopu yako haitoi picha kwenye tundu hilo, au ni ya USB ya kawaida tu, doki yenye chipu ndiyo itakayokuokoa, na hapo pengwini wa boksi hajadanganya sana. Ila zuia kerneli isijisasishe yenyewe siku za kazi nzito; amri ya apt-mark hold ipo kwa ajili hiyo.

Nilikuwa nimeandika nyota moja. Kisha nikafikiria mtandao wake na chaji, ambavyo havijakatika hata siku moja, nikaandika mbili. Juzi kerneli nyingine imeingia, nimeamka matusi yakiwa tayari mdomoni, nimechomeka, skrini zote mbili zimewaka bila kuguswa na mtu. Haya, tatu. Duka sifuri.