Pweza wa Melide: uzoefu wangu wa chakula cha mikoani Uhispania

Siku yangu ya kwanza Uhispania nilikula vibaya. Madrid niliingia mkahawa wa watalii wenye picha za vyakula mlangoni, nikaagiza paella. Ukaja wali wa manjano makali, umepashwa moto tu, kamba wakavu kama mpira, na bei ya kuumiza. Kijana wa mapokezi hotelini ndiye aliyenifungua macho: paella ni ya Valencia, na ile ya asili haina samaki kabisa, ni kuku, sungura, maharage na zafarani. Akaniambia kila mkoa una chakula chake, nikifika niulize wenyewe wanajivunia nini.

Nilikuwa naelekea Galicia, kaskazini magharibi. Kila niliyemuuliza alinijibu pulpo. Pweza!

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, pweza namjua tangu utotoni, kwa hiyo niliingia Melide na ubishi wangu. Ni mji mdogo wa bara, kwenye njia ya mahujaji waendao Santiago de Compostela kwa miguu. Pweza amefikaje huko? Zamani alikaushwa kama ng'onda yetu, wachuuzi wakambeba hadi kwenye magulio ya bara. Ndiyo maana wanamwita pulpo á feira, pweza wa gulioni.

Mpishi, mama wa makamo, alisimama na sufuria kubwa ya shaba, maji yamegeuka zambarau. Alimtumbukiza pweza akamtoa, mara tatu, ndipo akamwachia achemke. Wanasema ni kumtisha, ngozi isibanduke. Aliyeiva alimkata kwa mkasi, minyiri ikidondoka vipande vipande kwenye sahani ya mbao. Juu yake chumvi ya mawe, pimentón (pilipili nyekundu ya unga), na mafuta ya zeituni kwa wingi. Basi. Unachoma kwa kijiti cha meno.

Alikuwa laini bila kulegea, utamu wa bahari umebaki wote. Kwetu tunampiga juu ya mwamba hadi alainike, kisha tunamfunika kwa nazi au viungo. Hapa hakuna kilichomfunika. Mbao hunywa maji, mafuta mekundu yanabaki, unayapangusa kwa mkate. Nilikosa ndimu tu.

Meza ni za kushirikiana na kelele ni nyingi, mimi sikujali. Saa ndizo zilinisumbua: chakula cha mchana ni kuanzia saa nane, cha usiku saa tatu, na katikati majiko mengi hufungwa.

Kwa tusiokula nguruwe, tahadhari na caldo gallego: ni supu ya mboga kwa sura, lakini hupikwa kwa mafuta au nyama ya nguruwe. Uliza "¿lleva cerdo?" (ina nguruwe?) kabla ya kuagiza. Niliuliza kila mahali na hakuna aliyenuna. Yule mama wa Melide alinivuta mkono hadi kwenye sufuria nikaangalie mwenyewe.