Testosteroni kwa Vijana: Jeli, Sindano na Kliniki Zinazoziuza

Kasoro kubwa ya tiba ya testosteroni, homoni ya kiume, ndiyo inayotajwa kwa sauti ndogo kwenye matangazo: huzima uzalishaji wa mbegu za kiume. Homoni ya dawa ikijaa kwenye damu, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huacha kutoa homoni za LH na FSH, zile zinazoziamuru korodani kufanya kazi. Mbegu hupungua, pengine huisha kabisa, na korodani husinyaa. Ukiacha dawa mbegu kwa kawaida hurudi, lakini baada ya miezi 6 hadi 12, wengine hata 24, na wapo wasiorudia hali ya awali. Kwa mzee aliyekwisha kulea wajukuu hilo ni dogo. Kwa kijana wa miaka 25 ni jambo la kuamuliwa kabla ya chupa kufunguliwa.

Kliniki nzuri utaijua kwa vipimo vyake. Damu hutolewa asubuhi mbili tofauti, kabla ya saa nne, ukiwa hujala wala huumwi, kwa sababu testosteroni hushuka kadiri siku inavyosonga. Madaktari wa mkojo wa Marekani huhesabu chini ya nanogramu 300 kwa desilita kuwa pungufu, tena kukiwa na dalili. Uchovu peke yake hautoshi. Kukosa usingizi nako huchosha. Ukichomwa sindano siku ileile kwa kipimo kimoja cha alasiri, umeuziwa bidhaa, hukutibiwa.

Kisha LH na FSH zipimwe kabla ya dozi ya kwanza, maana zikishazimwa na dawa hazitasema lolote. LH ikiwa juu, korodani zenyewe zina hitilafu, na kwa kijana kromosomu zichunguzwe kutafuta hali ya Klinefelter, yaani kuzaliwa na kromosomu X ya ziada. Ikiwa chini au ya kawaida, tatizo liko juu, kwenye amri zinazotoka ubongoni: uvimbe wa pituitari (prolaktini, homoni ya maziwa, ipimwe), unene, kukatika pumzi usingizini, dawa za maumivu za jamii ya afyuni, au steroidi za gym zilizotumika zamani. Mengi kati ya haya yana tiba yake yenyewe. Mnene akipungua uzito wa kutosha, testosteroni yake hupanda bila dawa.

Kati ya aina zilizopo, jeli hutoa kiwango tulivu na ni rahisi kuiacha. Udhia wake ni kuhamia kwa wengine: mtoto akigusa bega lililopakwa anaweza kuanza kubalehe kabla ya wakati. Nawa mikono, acha ikauke, vaa shati. Sindano ya sipioneti au enantheti, aina mbili za testosteroni, miligramu 75 hadi 100 kila wiki, tunaipa alama zaidi kuliko 200 kila wiki mbili. Hiyo ya wiki mbili humpandisha mtu siku za mwanzo na kumwangusha mwishoni, na huelekea zaidi kuifanya damu nzito. Sindano ya undekanoeti, aina nyingine inayochomwa karibu kila miezi mitatu, hupunguza safari za kliniki, ila huchomwa polepole na kusubiri dakika 30 hapohapo, maana mafuta yake yakifika mapafuni huleta kikohozi na kubanwa pumzi.

Anayetaka watoto karibuni, na pituitari yake bado inaitika, aulize kuhusu dawa ya klomifeni, ambayo huchochea korodani badala ya kuzilaza. Haijasajiliwa rasmi kwa kazi hiyo, na wengine huwaletea ukungu machoni.

Kwa aliyeondolewa korodani zote mbili au ambaye pituitari yake imeharibika, hatuna kigugumizi: homoni hii hulinda mifupa, damu na hamu yake, na pengine ni ya maisha. Mwenye mbegu azigandishe kwanza. Kipimo kirudiwe miezi 3 hadi 6 baada ya kuanza, kisha kila mwaka, na hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ikipita asilimia 54 dawa isimamishwe mpaka ishuke, ndipo irudi kwa dozi ndogo.