TAHADHARI: Kishoka wa viza za Ulaya anayewaambia watu wafiche ndoa zao

Wadau, habari za leo. Natoa tahadhari hii nikijua nitachekwa, maana aliyeingizwa mjini ni mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye ndevu, mke na watoto wawili. Cheka tu, ila usiishie njiani kama mwenzi wako ana pasi ya nchi ya Umoja wa Ulaya na wewe una pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda au ya jirani yeyote.

Jamaa anajiita mshauri wa viza. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, maeneo ya Kinondoni. Ukutani bendera ya bluu yenye nyota kumi na mbili, kiyoyozi kinachofanya kazi kweli, na binti wa mapokezi anayekuletea maji ya chupa kabla hujakaa vizuri. Yeye ana simu mbili na koti halimtoki mwilini hata joto la Februari. Anaongea taratibu, kama daktari anayetafuta namna ya kukupa majibu mabaya. Jina sitaji, kwa sababu ninayo RB (namba ya shauri la polisi) mkononi na sitaki kumpa wakili wake pa kushikia. Ukimuona utamjua kwa mtindo wake wa kazi, na huo ndio nataka kuueleza.

Mke wangu ni Mreno. Tulifunga ndoa bomani miaka sita iliyopita na tunaishi hapa Dar. Kaka yake, shemeji yangu, anaishi Ufaransa, na mwaka jana akatangaza harusi. Tulichelewa kuanza mambo ya viza, hilo kosa letu. Mke wangu alikuwa kikazi Mtwara, mtandao wa kubahatisha, mimi nikajifanya mwanaume nitamaliza mwenyewe. Rafiki wa kijiweni akanipa namba ya huyu bwana: "Huyo viza anazo mfukoni."

Nikaenda. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatoa karatasi, akaanza kuandika hesabu. Ada ya viza laki tatu. "Fomu maalumu ya familia" laki tatu na nusu. Nafasi ya miadi laki nne, kwa sababu "nafasi zimejaa, lazima tuongee na mtu ndani". Bima laki na themanini. Hoteli laki na nusu. Ya kuharakisha laki sita. Jumla 1,980,000. Nikauliza risiti, akasema risiti inatoka na viza. Pesa nikatuma kwa M-Pesa kwenda jina la mwanamke nisiyemjua, eti mhasibu wake.

Sasa hapa ndipo penyewe. Nilipomkabidhi cheti cha ndoa na kopi ya pasi ya mke wangu, alivirudisha juu ya meza kwa vidole viwili, kama mtu anayerudisha samaki aliyeharibika. "Kaka, ukimtaja mke Mzungu wanajua unahamia. Wewe ni mtalii. Mtalii hana matatizo." Akajaza fomu yeye. Kwenye hali ya ndoa akaweka sijaoa. Akanitengenezea barua ya ajira ya kampuni ambayo mpaka leo sijui kama ipo, mshahara mnono kuliko wangu mara tatu, na hoteli ya Paris iliyokodiwa kwa siku kumi, ikafutwa siku iliyofuata. Nikasaini. Sikusoma. Niliogopa kuonekana mshamba mbele ya yule binti wa maji.

Viza ilinyimwa. Karatasi ilisema taarifa nilizotoa kuhusu sababu ya safari haziaminiki. Na kweli hazikuaminika, zilikuwa za uongo mwanzo hadi mwisho! Nilipompigia, akasema ubalozi umenionea, ila kwa laki saba anaweza kukata rufaa. Hapo ndipo nilipomwambia mke wangu ukweli.

Hakupiga kelele. Alinyamaza siku nzima, jambo ambalo ni baya zaidi, halafu jioni akafungua kompyuta akaniita. Tukasoma pamoja mpaka saa saba usiku, na kadri tulivyosoma ndivyo nilivyotamani sakafu inimeze.

Kwa kifupi ni hivi. Kuna sheria ya Umoja wa Ulaya, namba 2004/38, iliyopitishwa Aprili 2004. Inasema raia wa nchi mwanachama akienda katika nchi nyingine mwanachama, mume au mke wake anayefuatana naye au anayekwenda kumkuta huko ana haki ya kuingia naye, hata kama ni raia wa nchi isiyo ya Ulaya. Watoto walio chini ya miaka 21 wamo pia. Kama pasi yako inahitaji viza, utaiomba, lakini viza hiyo inatolewa bure na kwa utaratibu wa haraka. Mtu mzima wa kawaida hulipa euro 90 kwa viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, tangu Juni 2024. Wewe ada yako ni sifuri. "Ada ya viza" ya kishoka haikuwepo, na "fomu maalumu ya familia" haipo kabisa. Fomu ni ileile ya kila mtu, ila ina vipengele vyenye alama ya nyota ambavyo mwanafamilia wa raia wa Ulaya havijazi: kazi yako, mwajiri wako, nani anagharamia safari. Yaani barua ya ajira aliyonighushia ilikuwa ni ya kujibu swali ambalo sikupaswa hata kuulizwa.

Kinachotakiwa ni pasi yako, uthibitisho kwamba mwenzio ni raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, cheti cha ndoa, na kitu cha kuonyesha kwamba mnasafiri pamoja au unamfuata. Bima ya safari hawaruhusiwi kukudai. Hoteli hawaruhusiwi. Taarifa ya benki ya miezi mitatu, ile ambayo watu wanakopa milioni kumi kwa usiku mmoja ili ipendeze, nayo hapana. Wanaweza kukunyima kwa sababu za usalama, za afya ya umma, au wakiona ndoa ni ya kuigiza, na wakikunyima lazima waandike sababu, na una haki ya kukata rufaa. Ofisi za mawakala wanaopokea maombi kwa niaba ya balozi zina ada yao ya huduma. Ukiamua kupitia huko kwa hiari yako utailipa, lakini mwongozo wa Umoja wa Ulaya wenyewe unasema mwanafamilia lazima aruhusiwe kupeleka ombi moja kwa moja ubalozini bila gharama. Kwa hiyo hata "kuongea na mtu ndani" kulikuwa hewa.

Mnaona ujanja wake? Haki yote imesimama juu ya cheti cha ndoa. Ukikiondoa kwenye bahasha, unabaki mtalii wa kawaida anayedaiwa bima, hoteli, ajira na benki, na kila kimoja kina bei kwenye karatasi yake. Mteja aliyeficha ndoa ana vitu sita vya kununua. Mteja aliyeionyesha hana hata kimoja.

Na madhara hayaishii kwenye pesa. Maombi ya viza ya Schengen yanaingia kwenye mfumo mmoja wa kompyuta wa nchi zote, na kumbukumbu hukaa hadi miaka 5. Leo nikiomba kwa haki ya kuwa nimeoa, jana nimeandika sijaoa, afisa atamwamini nani? Harusini mke wangu alikwenda peke yake na watoto, wao wana pasi za Ureno. Nilimtazama shemeji akivaa tai kwa video.

Miezi minne baadaye tukaomba upya kwa ajili ya Krismasi. Tuliandika barua pepe ubalozini kwa lugha ya kistaarabu, tukaeleza kwamba ombi ni la mwanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya, tukataja sheria, tukaomba siku. Ile ya kwanza niliieleza kwa barua yangu mwenyewe bila kujipaka asali: nilisaini fomu iliyojazwa na mtu mwingine, nilikosea, RB hii hapa, cheti cha ndoa hiki hapa. Tulikwenda wote wawili na watoto. Nilijibu maswali kama robo saa, mengine ya kuchekesha, mfano mama mkwe anaitwa nani na tulikutana wapi. Siku 11 viza ikatoka. Sikulipa hata mia. Nauli ya bajaji tu.

Baada ya hapo nimekuwa nikiwasikiliza wengine waliopita ofisi ileile au zinazofanana nayo, na michezo ni mingi, kwa hiyo chukueni na hii.

Wapo wanaouza "kadi ya ukaazi ya familia ya Ulaya" hapahapa Dar, Mombasa na Nairobi. Kadi hiyo ipo kweli, tena ni nzuri. Mwenye nayo anasamehewa viza akisafiri na mwenziwe katika nchi za Umoja. Lakini hutolewa na nchi mwanachama ambako mnaishi pamoja, baada ya kujiandikisha huko, na wana hadi miezi sita ya kukupa. Haiagizwi kama simu kutoka Dubai. Dada mmoja wa Mombasa aliuziwa plastiki yenye picha yake, na ikakamatwa kaunta ya shirika la ndege kabla hata hajaona rubani.

Wapo wanaouza "kibali cha familia cha Uingereza" cha zamani, kile cha EEA (Eneo la Kiuchumi la Ulaya). Uingereza imeshatoka kwenye Umoja, na kibali hicho hakitumiki tangu baada ya 30 Juni 2021. Anayekuuzia leo anakuuzia karatasi ya kufungia maandazi.

Na lipo moja ambalo hata waungwana wanachanganya, na vishoka wanakula hapo. Sheria hii haifanyi kazi unapokwenda nchi ya mwenzio mwenyewe, kama hajawahi kuishi nawe katika nchi nyingine ya Umoja. Mke wangu ni Mreno. Tukienda Ufaransa tumo, tukienda Ureno moja kwa moja kutoka hapa ni sheria za Ureno zenyewe. Mume Mjerumani akitaka kukuhamishia Ujerumani, huko kuna viza ya kuungana na familia, na kwa kawaida watakudai cheti cha lugha ya Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa. Hapo pia kuna kishoka mwenye cheti tayari, laki nane, jina lako limeshapigwa chapa. Msijaribu. Kijerumani watakuongelesha dirishani, cheti hakitakusaidia kujibu. Kasomeni, Goethe-Institut ipo hapahapa Dar.

Pia haki hii inamfuata mwenzio. Ukitaka kwenda kutembea Roma peke yako huku mwenzio amebaki Mbezi, wewe ni mtalii kama watalii wengine, omba kwa njia yao na lipa yako.

Sisemi njia ya haki ni mteremko. Hata Ulaya kwenyewe watu wamesumbuliwa. Kuna bwana McCarthy, raia wa Uingereza na Ireland, aliyekuwa akiishi Hispania na mkewe Mkolombia. Mama yule alikuwa na kadi halali ya Hispania, lakini Uingereza, wakati huo ikiwa bado kwenye Umoja, ilimtaka aombe kibali kila baada ya miezi sita ili aende kusalimia ukweni. Walishitaki, na Desemba 2014 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema kadi inatosha. Kama mke wa Muingereza alilazimika kufika mahakamani, usishangae afisa wa kaunta ya ndege Dar akiitazama karatasi yako kama hirizi. Beba cheti cha ndoa halisi, siyo kopi, na kama kiko kwa Kiswahili, tafsiri iliyothibitishwa usiiache nyumbani.

Kuhusu huyu bwana: nilipeleka shauri polisi, nikachukua RB, na namba alizotumia nimezituma TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Nilipopita Kinondoni mwezi uliopita ofisi imekuwa saluni ya kike. Bendera imeondoka, kiyoyozi kimebaki. Nasikia sasa anafanyia kazi kwa simu tu, ana picha ya wasifu yenye mnara wa Eiffel, na bado anasema neno lilelile, "wewe ni mtalii, mtalii hana matatizo".

Kama umeshamlipa na ombi halijapelekwa, kamfuate leo uchukue pasi yako kwanza, pesa utazidai baadaye. Kama limeshapelekwa, andika ubalozini kwa jina lako mwenyewe uombe kuliondoa kabla halijajibiwa, ueleze kilichotokea, na ambatanisha cheti cha ndoa. Ukikwama kwenye hiyo barua, niandikie faragha nikutumie yangu uione ilivyokaa.