Kola ya parakodi niliyomsukia Doa: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Kola ya kwanza niliyomsukia mbwa wangu, Doa, ilimkaa vizuri kwa siku mbili. Siku ya tatu alinyeshewa. Ilipokauka, hata kidole kimoja hakikupenya kati ya kamba na shingo yake. Nilimvua papo hapo. Maelezo yaliyokuja na boksi la vifaa nililonunua hayakugusia kabisa kwamba kamba ya nailoni hunywea ikilowa na kukauka, na mbwa hawezi kukwambia kuwa anabanwa.

Ndani ya boksi mlikuwa na mita 30 za kamba, vifungio vya plastiki vya kubonyeza pembeni kama vile vya begi la mgongoni, na pete za chuma zenye umbo la D. Kamba sina ugomvi nayo. Nilikata ncha nikaifumua, nikakuta nyuzi 7 zilizosokotwa, zimevikwa ganda la nailoni lililofumwa kwa kubana. Hiyo ndiyo parakodi ya 550, kamba ya parachuti, na namba hiyo ni pauni inazopaswa kuhimili kabla ya kukatika, karibu kilo 250. Ukikata yako ukakuta ndani hamna nyuzi za kueleweka, sukia bangili, shingo ya mbwa iache.

Pete zilinikasirisha. Zilikuwa za chuma kilichokunjwa tu, maungio hayakuchomelewa. Moja ilifunguka Doa alipochomoka kumfukuza paka. Bahati tulikuwa ndani ya uzio. Nilizitupa zote nikatafuta zilizochomelewa, na hapo ndipo ningemshauri kila mtu asibane matumizi.

Kusuka kwenyewe ni raha. Nilitumia fundo la kobra. Unakunja kamba katikati, kitanzi chake unakifunga kwenye nusu moja ya kifungio, ncha mbili unazipeleka hadi nusu ya pili na kuzipitisha, kisha unarudi nazo ukifunga mafundo juu ya zile kamba mbili zilizonyooka kati ya nusu hizo, yaani nyuzi za kati. Ncha ya kushoto inapita juu ya nyuzi za kati. Ya kulia inapita juu ya mkia wa mwenzake, inazunguka nyuma, inachomoza kwenye kitanzi cha kushoto. Unakaza. Fundo linalofuata unaanzia kulia. Ukisahau kubadilisha upande, kola nzima inaanza kujipinda kama parafujo, na dawa yake ni kufumua tu. Kila sentimita moja ya kola hula takriban sentimita 12 za kamba. Kwa shingo ya Doa nilikata mita 5 na nusu, na kilichobaki mwishoni kilikuwa kidogo sana.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo nilipokosea. Kwanza nailowesha kamba yote kwenye maji ya moto, naiacha ikauke kabisa, ndipo napima na kukata. Pili, siamini kipimo cha shingo peke yake. Kamba ikishasukwa inakuwa nene, na unene huo unakula nafasi ya ndani: kola iliyolazwa mezani ikiwa na sentimita 40, ukiifunga duara haimpi mbwa sentimita 40. Naongeza 2 au 3 kwa ajili ya unene, juu ya ile nafasi ya vidole viwili ambayo shingo lazima iachiwe. Na kwa kuwa kola hii haina pa kulegezea, usimsukie mtoto wa mbwa anayekua ukategemea itamfaa mwezi ujao.

Jambo lingine nililijua baadaye. Kamba ina nguvu, lakini kifungio ni plastiki, na mbwa akivuta ndicho kinachoelemewa. Kola ninayomvalisha sasa ina pete mbili, moja kila upande wa kifungio, na ndoano ya kamba ya kumwongozea naipitisha kwenye zote mbili. Hata kifungio kikivunjika, bado yuko mkononi mwangu.

Ncha za mwisho nachoma kwa kiberiti cha gesi na kuzibonyeza na ubapa wa kisu. Usitumie kidole, nailoni iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuunguza vibaya. Zikiganda huwa ngumu na kali, kwa hiyo nahakikisha zinaangalia nje. Kola ya kwanza nilizielekeza ndani, na ngozi ya Doa ilipata wekundu mahali pale pale.

Miezi minane sasa. Rangi imefifia kidogo kwa jua, mafundo hayajalegea. Naifua kwa maji na sabuni laini, lakini ikilowa hukaa na unyevu muda mrefu kuliko mkanda wa kawaida, kwa hiyo namvua usiku na kila anapotoka kwenye maji. Doa ana manyoya mafupi, anaivaa bila shida. Nilimsukia pia mbwa wa dada yangu, mwenye manyoya marefu. Ndani ya wiki mbili yalikuwa yamesokotana chini ya mafundo, tukayakata kwa mkasi taratibu, naye amerudishiwa mkanda wake bapa wa zamani.