Girisi ya cheni kwenye nguo za baiskeli: nunua kipi, uache kipi

Doa la cheni unalijua kabla hujavua nguo. Liko mguu wa kulia, upande wa gia, kwenye shavu la mguu, na meno ya gia yamejipanga kwenye taiti kama muhuri. Mara nyingi mwenye nguo ndiye analifanya liwe la kudumu, jioni hiyohiyo, kwa kukimbilia maji ya moto na Jiki. Nilipoteza jezi niliyoipenda sana kwa njia hiyo, na sitaki mwingine aipoteze yake.

Weusi ule si mafuta matupu. Ni oili iliyochanganyika na vumbi la barabarani na chembe ndogo za chuma zinazosagika cheni inapopita kwenye gia. Mafuta ndiyo gundi inayozishikilia chembe hizo kwenye uzi. Ukiyatoa, weusi mwingi unaondoka nayo. Ukihangaika na weusi huku mafuta yamebaki, unachosha mikono. Tena nguo nyingi za baiskeli ni poliesta iliyochanganywa na lycra, ule uzi unaovutika, na poliesta inang'ang'ania mafuta kuliko pamba. Basi tafuta sabuni inayokata mafuta, achana kwanza na inayosifiwa kwa kung'arisha.

Ya kwanza: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo

Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua hii. Imetengenezwa kwa ajili ya masufuria ya mafuta, haina klorini, haiumizi lycra, na chupa moja ndogo inakufaa miezi mingi kwa sababu doa linahitaji matone tu.

Uangalifu unahitajika zaidi ukinunua ile ya wajasiriamali inayouzwa kwenye chupa za maji zilizotumika. Iko nzuri kabisa, na iko iliyojaa maji. Uzito wake usikudanganye: watengenezaji huongeza chumvi ili sabuni iwe nzito, kwa hiyo inaweza kuvutika kama asali na bado nguvu ikawa ndogo. Mimi huomba tone moja, nalipaka kwenye kidole nilichokipitisha kwenye mafuta ya kupikia, kisha nasuuza kwa maji ya baridi. Kidole kikibaki kinateleza, narudisha chupa. Na kwa jezi nyeupe chagua isiyo na rangi kali. Niliwahi kutumia ya kijani kibichi, girisi ikatoka, begani kukabaki kivuli cha kijani kilichodumu kuliko girisi yenyewe.

Namna ya kuitumia ni muhimu kuliko chapa yake. Usiloweshe nguo. Bonyeza doa kwa karatasi ya chooni ili inywe girisi ya juu, bila kusugua. Ingiza kitambaa chakavu ndani ya mguu wa taiti, doa lisije likahamia upande wa pili. Sasa dondosha sabuni kwenye doa likiwa kavu na uisambaze kwa kidole, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Baada ya dakika moja hivi povu jeupe linaanza kuwa la kijivu, kama maji ya majivu, na ukifunua kitambaa cha ndani unakuta alama nyeusi imehamia huko. Hapo ujue inafanya kazi. Iache dakika 10 hadi 15, sugua kidogo kwa mswaki laini wa zamani, suuza kwa nyuma ya doa kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu, kisha rudia. Doa kubwa linaweza kutaka raundi 3. Halafu fua kama kawaida na uanike kivulini.

Nguo ikiwa na maji, doa la mafuta hujificha. Ngoja ikauke, ulitazame mchana kweupe, na usipige pasi kabla hujaridhika, kwa sababu joto hulizamisha kwenye uzi.

Ya pili: sabuni ya mche

Kwa suruali za pamba, jinzi na fulana za kuendea kazini, mche unatosha, na kwa bei hakuna wa kushindana nao. Lowesha kidogo, paka hadi doa lifunikwe na weupe, liache nusu saa, ndipo ufikiche. Nimeuweka wa pili kwa sababu mbili. Lycra haipendi kufikichwa, inaota vinyweleo na kulegea. Halafu ni suala la maji: kama nyumbani mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam na pwani kwa jumla, mche hautoi povu vizuri na unaacha utando kwenye nguo. Sabuni ya vyombo inavumilia maji hayo vizuri zaidi.

Ya tatu: sabuni ya mikono ya mafundi

Ni ile nzito kama mafuta ya kupaka, inayouzwa kwenye maduka ya spea za magari. Kwa doa la zamani ina nguvu kweli. Tatizo ni kwamba nyingi zina chembechembe za kusugulia. Chota kidogo, sugua kati ya vidole viwili. Ukihisi mchanga, iache kwa ajili ya mikono na ovaroli. Laini inafaa kwa jezi, ukijaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Hii ninaifikiria hasa kwa wanaonunua nguo za baiskeli kwenye masoko ya mitumba, kama Karume ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi, ambako unaweza kukuta jezi nzima kabisa ila ina doa lililokauka siku nyingi. Lilainishe kwanza kwa matone mawili ya mafuta ya kupikia, maana mafuta hulegezwa na mafuta, subiri robo saa, ndipo uingie na sabuni. Nimeokoa jezi mbili hivyo.

Ya nne: unga wa oksijeni, kama Vanish

Si wa girisi. Nunua kama una nguo za rangi zenye umanjano wa jasho, na uutumie baada ya mafuta kutoka.

Ya tano: mafuta ya taa

Yanakata girisi, kila fundi baiskeli anajua. Lakini harufu inakaa, yanaweza kuchuna rangi na michoro ya jezi, na ni hatari karibu na jiko la mkaa. Kwa ovaroli tu, nje, mbali na moto. Petroli usiguse.

Jiki iache dukani. Klorini inakula lycra, nguo inapoteza uwezo wake wa kuvutika na girisi inabaki palepale. Thina inaweza kuharibu kitambaa na michoro. Kilainisha nguo nacho hapana: kinaacha utando unaozuia kitambaa kunyonya jasho.

Ukibakiwa na chenji, nunua oili ya cheni iliyo safi. Mafundi wengi hudondoshea oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, kwa sababu ni ya bure, lakini hiyo imeshajaa masizi na ndiyo inayotoa madoa magumu kuliko yote. Tone moja kwa kila pingili, zungusha pedeli kinyume kidogo, kisha futa cheni kwa nje mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Oili inahitajika ndani ya pingili, ya nje inakusanya vumbi tu. Na kwa wanaoendesha na suruali ndefu, baiskeli haina kava ya cheni, mwombe fundi kipande cha tyubu iliyotoboka, upana wa vidole viwili, ufungie mguu wa kulia.