Jiko la bati lenye udongo ndani: lafaa Malindi, ila tazama miguu

Kwa wali wa nazi wa kila siku, jiko hili lashinda seredani tupu ya bati. Udongo wa ndani huzuia joto lisipotelee pembeni, hivyo makaa hupungua kwa theluthi hadi nusu. Dukani, gonga udongo kwa kucha: ukilia kama chungu kizima, chukua, sauti butu ni dalili ya ufa. Usizime moto kwa maji, udongo moto hupasuka. Chakula kikichemka, funika sufuria na ufunge kijidirisha cha majivu. Wengi hukiacha wazi, makaa yakateketea bure. Udhaifu mkubwa ni bati: upepo wa chumvi hulila kuanzia miguuni. Dai bati nene, na usililaze uani.