Kabla hujampa mtu W-2 yako, fomu ya mshahara, mtafute CPAverify

Mimi ni mhasibu hapa Houston, na huduma ninayoisifia leo ni ya bure: CPAverify, tovuti ya NASBA, chama cha bodi za uhasibu za majimbo ya Marekani. Unaandika jina la mhasibu, unachagua jimbo, inakuonyesha kama ana leseni na kama bado iko hai.

Februari alinijia dada mmoja anayehudumia wazee majumbani, katoka zamu ya usiku, mkononi barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Fomu yake ya kodi ya mwaka wa nyuma ilijazwa na mtu aliyejitambulisha kuwa CPA, yaani mhasibu mwenye leseni ya jimbo. Nikatazama chini ya ukurasa wa pili: hakuna sahihi ya aliyeijaza, hakuna PTIN, namba ambayo kila anayelipwa kujaza fomu za watu lazima aiandike. Wategemezi wawili waliotajwa humo, dada hata hawafahamu. Tukalitafuta jina la yule mtu palepale mezani. Halikutokea Texas wala kwingineko. Na deni ni la dada, maana aliyetia sahihi ni yeye.

Iliniuma, kwa sababu herufi hizo tatu nimezitolea jasho. Nilikuja na CPA(T) yangu ya NBAA, bodi ya wahasibu ya Tanzania, nikidhani inatosha. Nikarudi darasani kujazia saa za masomo zifike 150 zilizotakiwa wakati huo. Nikafanya mitihani minne, kila mmoja saa nne, kufaulu ni alama 75; ule wa FAR, wa taarifa za fedha, niliurudia mara mbili. Kisha mwaka mzima kazini chini ya CPA mwenye leseni, na mtihani wa maadili wa Texas juu yake. Muda wote huo, kanisani wakiniita CPA niliwakatalia. Texas, kujiita hivyo bila leseni ni kosa kisheria.

Si lazima anayekujazia fomu awe CPA, lakini akisema ni CPA, awe kweli. Tafuta kwa jina lililoko kwenye leseni. Mama aliyeolewa huenda bado anatumia la baba yake. Na leseni haisemi mtu anajua nini: wengine hukagua hesabu za kampuni za mafuta, 1040, fomu ya kodi ya mtu binafsi, hawajaigusa miaka. Hilo muulize mwenyewe.

Dada tumemwandalia 1040-X ya masahihisho. Kabla ya kunikabidhi karatasi zake, aliomba kompyuta akaliandika na jina langu, herufi moja moja.